Jinsi ya kutengeneza modeli ya mtikisiko wa tetemeko: unavyopungua kwa umbali na unavyokua kwa ukubwa

Tetemeko likipita swali la kwanza huwa lile lile, lilikuwa la ukubwa gani, na jibu likitoka, 6.5 au 7.1, watu wanaona basi wameshajua ardhi ilitikisika kiasi gani. Hapana. Ukubwa ni namba moja ya tetemeko zima, mtikisiko ni wa pale uliposimama wewe. Aliyekuwa kilomita 5 kutoka kwenye ufa na aliyekuwa kilomita 200 wote wamepitia tetemeko moja, ukubwa mmoja, ila mmoja kaangukiwa na ukuta na mwingine kaona taa inayumba tu.

Modeli tunayoitengeneza hapa inaunganisha hayo mambo mawili. Unaipa ukubwa, umbali na aina ya ardhi, yenyewe inakurudishia mtikisiko unaotarajiwa, na pia inakwambia hilo jibu linaweza kwenda juu au chini kwa kiasi gani. Hiyo sehemu ya pili ndo watu wanaitupa, wanachukua namba ya katikati wanakimbia nayo, na mimi naona ni kosa kubwa kuliko yote kwenye hii kazi, nitakuonyesha kwa hesabu sio kwa maneno.

Kwanza elewa kwa nini mtikisiko unafifia

Sababu ni mbili na usizichanganye. Ya kwanza ni kutawanyika. Wimbi likitoka kwenye chanzo linasambaa kwenye eneo linalozidi kuwa pana, nguvu ile ile inagawanwa na sehemu nyingi zaidi, kwahiyo kimo cha wimbi kinapungua. Mawimbi yanayopita ndani ya ardhi kimo chao kinashuka kwa 1/R, yaani umbali ukiwa mara mbili kimo kinabaki nusu, na yale yanayotambaa juu ya uso wa ardhi yanashuka taratibu zaidi, 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha R (R ni umbali). Ndo maana mbali sana na chanzo mawimbi ya juu ya uso ndo yanabaki yakitawala.

Ya pili ni mwamba wenyewe kula nguvu ya wimbi. Mwamba sio springi safi, kila ukivutwa na kusukumwa kuna nguvu kidogo inageuka joto. Hii inaandikwa hivi:

exp(−π f R / (Q β))

f ni masafa, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde, β ni kasi ya mawimbi ya mkato, yaani yale yanayotikisa ardhi kwa upande, na Q ni namba inayosema mwamba unapitisha vizuri kiasi gani, Q kubwa maana yake haupotezi sana. Chukua β ya 3.5 km kwa sekunde, Q ya 200, umbali kilomita 100. Wimbi la masafa 5 linabaki na 0.106 ya kimo chake, yaani sehemu tisa kwa kumi zimeliwa, hapo bado hujahesabu kutawanyika. Wimbi la masafa 0.5 kwa umbali huo huo linabaki na 0.80. Sasa weka Q ya 800, ya mwamba mzee mgumu usiovunjika vunjika, lile la masafa 5 linabaki na 0.57 badala ya 0.106. (Kiuhalisia Q yenyewe nayo inabadilika na masafa, kwa kawaida inapanda, ila kwa kuelewa wazo hii inatosha.)

Hesabu hiyo ndogo inaeleza mambo mengi. Tarehe 23 Agosti 2011 tetemeko la 5.8 lilipiga Virginia, mashariki mwa Marekani, likasikika majimbo kibao mpaka Kanada, wakati tetemeko la ukubwa huo huo California halifiki huko kote. Ukubwa ule ule, mwamba tofauti. Kwahiyo modeli uliyoijenga kwa data ya sehemu yenye nyufa hai usiipeleke kwenye bara la kale lililotulia ukategemea ifanye kazi, na pia usiipeleke kwenye matetemeko ya pale bamba moja linapozama chini ya jingine, hayo yana tabia zake na modeli zake.

Fanya hesabu moja kwa mkono kabla hujagusa kompyuta

Mimi namshauri kila anayeanza aanze na mlinganyo wa watafiti Joyner na Boore wa 1981, ni wa zamani ndio, leo hutautumia kwa kazi ya kweli, lakini ni mfupi na kila kiungo chake unakiona kinafanya nini. Wa kilele cha mchapuko, yaani pale kasi ya ardhi inapobadilika kwa ukali kuliko wakati wote, kwa kipimo cha g (1 g ni mchapuko wa kitu kinachoanguka), ni huu:

log A = −1.02 + 0.249 M − log r − 0.00255 r + 0.26 P

ambapo A ni hicho kilele, M ni ukubwa, r ni kipeuo cha pili cha (d² + 7.3²), d ni umbali wa kilomita mpaka sehemu ya karibu ya ufa ikichorwa juu ya uso wa ardhi, na log ni ya msingi wa 10. Walisema utumike kwa ukubwa wa 5.0 mpaka 7.7. Ukiangalia utaona kila kitu kipo, M inapandisha, −log r ndo kutawanyika, −0.00255 r ndo mwamba kula nguvu, na ile 7.3 inazuia hesabu isilipuke ukifika umbali sifuri. P tutairudia.

Weka M 6.5 na d kilomita 10. r inakuwa 12.4, log yake 1.093, kile kiungo cha mwamba 0.032. Jumla yote inatoka −0.526, yaani A karibu 0.30 g. Rudia kwa kilomita 50 unapata 0.058 g, kwa kilomita 100 unapata 0.022 g. Na juu ya ufa wenyewe, d sifuri, 0.52 g. Angalia kuanzia sifuri mpaka 10 imeshuka kidogo tu, alafu kuanzia 10 mpaka 50 imeshuka mara tano. Ichore kwenye grafu yenye logi pande zote mbili, utaona mstari ulio bapa karibu na ufa, unainama, unanyooka, alafu mbali unainama tena kidogo. Umbo hilo likae kichwani, manake baadae modeli yako ikitoa umbo jingine inabidi ujiulize kwa nini.

Sasa ongeza ukubwa, M 7.5 badala ya 6.5, umbali 50. Unapata 0.10 g. Imeongezeka mara 1.77 tu, wakati nguvu iliyotoka kwenye chanzo imeongezeka kama mara 32. Wengi hapa wanadhani wamekosea hesabu. Hujakosea. Tetemeko kubwa halipigi kwa nguvu zaidi kila mahali, linapasua ufa mrefu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Chukulia mstari mrefu wa watu wanapiga makofi na wewe umesimama karibu nao, unawasikia wale wa mbele yako, hata wakiongezwa watu mia mbili mwishoni mwa mstari wewe kilele unachosikia hakibadiliki sana, kinachobadilika ni muda wa kelele. Ndo maana karibu na ufa kilele cha mchapuko kinafika mahali kinakaribia kugota hata ukubwa ukizidi kupanda. Mitetemo ya taratibu, ile inayosumbua majengo marefu na madaraja, haigoti namna hiyo, inaendelea kupanda na ukubwa.

Data, hapa ndo siku zako nyingi zitaishia

Rekodi zipo na nyingi ni za bure. Japani ilijenga mtandao wa K-NET baada ya tetemeko la Kobe la 1995, ukaanza 1996, na mtandao wake mwingine, KiK-net, una vipimo vya juu na vya chini ya shimo. Kituo cha utafiti wa matetemeko cha PEER cha California kina hazina ya NGA-West2 yenye rekodi zaidi ya 21,000, na modeli tano zilizotokana nayo zilichapishwa 2014. Ulaya nao wana hazina yao. Anza na mojawapo, usianze kwa kuchanganya zote.

Tengeneza jedwali moja, kila mstari rekodi moja: jina la tetemeko, jina la kituo, ukubwa, umbali, aina ya ardhi, mtikisiko. Inaonekana rahisi ila kila safu ina mtego wake.

Ukubwa: tumia ule unaotokana na momenti ya tetemeko (eneo la ufa lililopasuka, kiasi lilivyoteleza na ugumu wa mwamba), Mw, uliowekwa na Hanks na Kanamori mwaka 1979, na usichanganye na vipimo vingine bila kuvibadilisha. Kile cha Richter cha 1935 kinajibana matetemeko yakiwa makubwa, 7.0 yake na 7.0 ya Mw sio kitu kimoja.

Umbali: hapa nakusihi uwe makini kuliko pengine popote. Kuna umbali mpaka kitovu, umbali mpaka chanzo chenyewe chini, umbali mpaka sehemu ya karibu ya ufa uliopasuka, na ule wa Joyner na Boore wa juu ya uso. Kwa tetemeko la 5 vinakaribiana, ufa wake ni kilomita chache tu. Kwa 7.8 ni balaa. Tarehe 6 Februari 2023 kusini mwa Uturuki ufa ulipasuka zaidi ya kilomita 300. Antakya iko zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye kitovu, kwa kipimo hicho modeli yoyote itakwambia mtikisiko wa wastani tu, lakini mpasuko wenyewe ulielekea upande wake na mji ukavunjwa vibaya. Kitovu ni pale ufa ulipoanza kupasuka, hakikwambii ulipoishia. Kwahiyo kwa kila tetemeko la kuanzia kama 6 tafuta umbo la ufa uliopasuka ndo upime umbali kutoka hapo, ukikosa umbo hilo ni afadhali uiweke rekodi pembeni kuliko kuiingiza na umbali wa uongo.

Ardhi: kipimo cha kawaida ni Vs30, kasi ya mawimbi ya mkato kwenye mita 30 za juu. Wengi wanakokotoa vibaya, wanachukua wastani wa kasi. Inatakiwa mita 30 ugawe kwa muda wa wimbi kupita. Mfano mita 10 za juu zina kasi ya 200, mita 20 za chini zina 500. Muda ni 10/200 + 20/500, yaani 0.05 + 0.04 = 0.09 sekunde, Vs30 ni 333. Ukifanya wastani wa kasi kwa unene unapata 400, ardhi yako inaonekana ngumu kuliko ilivyo.

Na ardhi sio jambo dogo. Tetemeko la Mexico la tarehe 19 Septemba 1985, ukubwa 8.0, lilitokea pwani, kama kilomita 350 na zaidi kutoka Mexico City. Ndani ya mji huo huo vituo vya kwenye mwamba vilipima kama 0.03 mpaka 0.04 g, na kituo cha kwenye udongo wa ziwa la zamani kikapima karibu 0.17 g, na mitetemo yake ikajirudia kila baada ya sekunde 2 hivi, ikalingana na majengo ya kimo cha kati na kuyaangusha. Umbali ule ule, tofauti mara nne tano, kwa sababu ya udongo tu.

Mtikisiko wenyewe: hakikisha vipimo vyote ni aina moja. Kuna rekodi ziko kwa g na kuna ziko kwa gal, yaani sentimita kwa sekunde kwa sekunde, 1 g ni 981 gal. Amua pia pande mbili za mlalo unaziunganishaje, wastani wa kijiometri au ile ya kuzungusha pembe zote na kuchukua ya katikati, ukishaamua usibadilishe njiani.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao hauonekani kwenye jedwali. Vifaa vingi vya zamani vilikuwa vinawaka mtikisiko ukivuka kiwango fulani, chini ya hapo havirekodi kitu. Sasa fikiria umbali wa kilomita 150 kuna vituo ishirini, vitatu vimetikisika kuliko kawaida vikarekodi, kumi na saba havijawaka. Kwenye data yako unaviona vile vitatu tu. Modeli inaamini kilomita 150 mtikisiko bado ni mkubwa na mkunjo wako unakuwa bapa huko mbali. Dawa yake ni kukata, kwa kila tetemeko tafuta umbali ambapo vituo vinaanza kukosa kuwaka na utupe kila kitu kilicho mbele ya hapo, hata rekodi nzuri. Inauma kutupa data lakini tupa.

Umbo la mlinganyo

Kwa kuanzia hili linatosha na lina kila kitu muhimu:

ln Y = c1 + c2(M−6) + c3(M−6)² + [c4 + c5(M−6)] ln√(R²+h²) + c6 R + c7 ln(Vs30/760)

Y ni mtikisiko, R ni umbali, h inafanya kazi ya ile 7.3, na c1 mpaka c7 ni koefisienti, namba utakazozitafuta kwa regresheni, yaani kukokotoa zile zinazoendana na data vizuri zaidi. Nimetoa 6 kwenye M ili c1 isichanganyike na c2, regresheni inatulia zaidi. Kabla hujaanza andika kwenye karatasi alama unazotarajia. c2 chanya. c3 hasi, ndo ule ukubwa kugota. c4 hasi na kwa kilele cha mchapuko sio mbali na −1. c5 chanya, matetemeko makubwa yanafifia taratibu zaidi kwa umbali. c6 hasi au sifuri, ikitoka chanya ina maana modeli inasema mwamba unaongeza nguvu ya wimbi, hakuna kitu kama hicho, iweke sifuri uanze upya na mara nyingi ujue ule mtego wa vituo visivyowaka ndo umekushika. c7 hasi, ardhi laini inaongeza. Tuseme imetoka −0.5, kile kituo chenye Vs30 ya 333 kinapata ongezeko la mara 1.5 ukilinganisha na mwamba wa 760.

Ila ardhi laini ina kitu kingine, mtikisiko ukiwa mkali sana udongo unaanza kulegea na kula nguvu, kwahiyo unaongeza kidogo kuliko unavyoongeza kwenye mtikisiko mdogo. Modeli kubwa zina kiungo cha hilo. Kama data yako yote ni chini ya 0.1 g hutaliona, usilazimishe.

Kukokotoa

Ukichukua rekodi zote ukafanya regresheni ya kawaida utapata majibu mabaya na hutajua kama ni mabaya. Sababu ni kwamba rekodi haziko huru. Tetemeko moja lililorekodiwa na vituo 800 sio ushahidi 800 kuhusu athari ya ukubwa, ni ushahidi mmoja. Kama chanzo chake kilikuwa na hasira kuliko kawaida basi rekodi zote 800 ziko juu pamoja, na zitavuta modeli nzima. Alafu mara nyingi kwenye data matetemeko madogo yana rekodi za karibu na makubwa yana za mbali, kwahiyo athari ya ukubwa na ya umbali zinaibiana. Joyner na Boore walitatua hilo kwa kukokotoa hatua mbili, kwanza umbali alafu ukubwa. Siku hizi tunatumia modeli mseto, ile inayoipa kila tetemeko marekebisho yake lenyewe.

Kwenye lugha ya kompyuta iitwayo R ni mstari mmoja wa pakiti ya lme4:

lmer(lny ~ m + m2 + lnr + m:lnr + r + lnvs + (1|tetemeko) + (1|kituo))

m2 ni mraba wa m, na m yenyewe umeshaitolea 6, lnr ni ln√(R²+h²), r ni umbali R, lnvs ni ln(Vs30/760). Tatizo ni h, iko ndani ya ln kwahiyo sio ya mstari. Usisumbuke sana, weka h = 1, kokotoa, andika uwezekano uliotoka (log-likelihood, namba inayosema modeli inaendana na data kiasi gani), weka 2, rudia, mpaka 20 hivi, alafu chukua h iliyotoa uwezekano mkubwa. (Wakati wa kulinganisha hivi ondoa ile hali ya REML, njia ya kukokotoa ambayo lmer huitumia usipoiambia vingine.) Ni dakika chache na unaona kwa macho kama kilele kipo au data haina habari za karibu na ufa.

Masalio ndo yanakuambia ukweli

Salio ni ln ya kilichopimwa toa ln ya kilichotabiriwa. Yagawe: la tetemeko, la kituo, na linalobaki. La tetemeko lichore dhidi ya ukubwa na dhidi ya kina. Linalobaki lichore dhidi ya umbali, na la kituo dhidi ya Vs30. Unatafuta wingu lisilo na mwelekeo. Ukiona linapanda mbali, rudi kwenye kukata. Ukiona matetemeko ya juu ya 7 yote yako chini ya sifuri, c3 yako haijakunja vya kutosha.

Alafu angalia kituo kimoja kimoja. Nilikuwa na kituo ambacho salio lake lilikuwa +1.2 karibu kila tetemeko, yaani mara 3.3 ya kilichotabiriwa, na kwenye orodha kiliandikwa kiko kwenye mwamba mzuri. Nilikaa nacho wiki nzima, nikabadili Vs30, nikakagua uniti, nikadhani umbali umekosewa. Mwisho nikachora spektra yake, grafu ya nguvu kwa kila masafa, pembeni ya kituo cha jirani, kikawa na mwiba mmoja mwembamba kwenye masafa 4, palepale kila tetemeko, hata liwe limetoka upande gani. Ardhi haina tabia hiyo, jengo ndo lina tabia hiyo. Nikauliza, nikaambiwa kifaa kilihamishiwa ghorofa ya tatu na hakuna aliyebadilisha orodha. Zile rekodi zilikuwa zinapima jengo. Kama ningekitupa tu kwa sababu kiko juu ningekuwa sahihi kwa bahati, na siku nyingine ningetupa kituo cha kweli kilicho kwenye udongo wa kuzidisha. Kwahiyo usitupe kitu kwa sababu hakikupendezi, tafuta sababu kwanza.

Sigma

Sasa turudi kwenye ile P. Kwenye mlinganyo wa 1981, P ikiwa 0 unapata jibu la katikati, P ikiwa 1 unapata kiwango ambacho asilimia 84 ya rekodi ziko chini yake. Ile 0.26 ndo sigma, kipimo cha jinsi rekodi zinavyotawanyika kuzunguka jibu la katikati. M 6.5, kilomita 10, katikati ni 0.30 g. Ongeza sigma moja, 0.54 g. Punguza moja, 0.16 g. Theluthi mbili ya rekodi zinaangukia humo, na theluthi moja ziko nje kabisa.

Linganisha 0.26 na ile 0.249 ya M. Sigma moja ina uzito kuliko kupandisha ukubwa kwa namba nzima! Mtu anabishana siku tatu kama tetemeko la kutarajiwa ni 6.5 au 6.7, alafu anachukua jibu la katikati na kuiacha sigma. Anayechora jengo kwa 0.30 g kwa hali hiyo ajue nusu ya mara zote mtikisiko utazidi hapo.

Na kuwa makini na logi. Modeli za sasa zinatumia ln, sigma yake ya jumla kwa kilele cha mchapuko kwa kawaida iko kama 0.6 mpaka 0.7. Ile 0.26 ya msingi wa 10 ukiigeuza ni 0.60, ni kitu kile kile. Ila mtu akichukua 0.6 ya ln akaiweka kama ya msingi wa 10 anapata kuzidisha mara 4 badala ya 1.8.

Lmer inakupa sigma ikiwa imegawanywa: τ, tofauti kati ya tetemeko na tetemeko, na φ, tofauti ndani ya tetemeko moja (ile ya kituo ipo humo). Zinajumlishwa kwa mraba, τ 0.35 na φ 0.50 zinatoa 0.61. Ukiona τ yako ni karibu sifuri usifurahi, kwa kawaida ina maana matetemeko yako ni machache mno kuipima.

Kisha rudia kazi nzima kwa kila muda wa mtetemo, yaani muda wa jengo kuyumba mara moja, sekunde 0.1, 0.2, 0.5, 1, 2 na kuendelea, kila mmoja na koefisienti zake, ukiheshimu mwisho wa kichujio cha kila rekodi, rekodi iliyochujwa kwenye sekunde 2 usiitumie kwa sekunde 3. Zichore koefisienti dhidi ya muda, zinatakiwa kwenda taratibu bila kuruka. Linganisha na modeli zilizochapishwa, programu ya OpenQuake ni ya bure na ina mamia humo ndani, chora yako juu ya zao kwa M 5, 6, 7 na uone unapoachana nao. Na andika wazi mipaka: ukubwa kuanzia ngapi mpaka ngapi, umbali mpaka wapi, Vs30 ipi. Mlinganyo hautakataa ukiweka M 9, utatoa namba tu.

Siku tetemeko jipya likitokea ndani ya mipaka hiyo ndo unaitumia sawasawa. Vituo 40 vya kwanza vikishaleta vipimo, toa utabiri wako kwenye kila kimoja na uchukue wastani wa masalio. Tuseme ni +0.3. Basi chanzo hiki kimepiga kwa nguvu mara 1.35 kuliko wenzake wa ukubwa huo, na unazidisha makadirio yote ya sehemu zisizo na vifaa kwa 1.35. Ramani za mtikisiko za ShakeMap za USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani, zinafanya marekebisho ya aina hii. Kwa kufanya hivyo τ umeshaijua kwa tetemeko hili, karibu yote imeondoka, na unachobaki kubeba kwa kijiji kisicho na kituo ni φ, 0.50 badala ya 0.61.